Vyuma vya roshani ya zamani: kuvisafisha, kuvitengeneza na kuvirudisha ukutani

Swali: Assalaam alaykum. Ami yangu amenunua vyuma vya zamani vilivyotoka kwenye nyumba iliyoporomoka Malindi, hapa Mji Mkongwe, Zanzibar: vipande sita vya ukingo wa roshani, kila kimoja urefu wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 90, mabano manne ya kubebea roshani, na nondo za madirisha mawili. Anataka kuvitia kwenye nyumba ya familia, Mkunazini. Fundi wetu anasema tuchome rangi ya zamani kwa moto, tuviloweke kwenye asidi ya betri, palipovunjika tuchomelee, kisha tuvizike ukutani kwa saruji. Ni sawa?

Wa alaykum salaam. Ami yako amefanya jambo la maana. Vyuma vya namna hiyo vikikosa mtu wa kuvithamini huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Lakini katika hatua nne alizotaja fundi wenu, hakuna hata moja ninayoweza kuiunga mkono. Moto hupasua chuma cha kalibu, yaani cha kumiminwa, na kutoa moshi wa risasi, ile metali laini yenye sumu, kutoka kwenye rangi ya zamani. Asidi huacha ndani ya chuma sumu inayolea kutu upya. Kuchomelea kwa vijiti vya kawaida huongeza nyufa. Saruji kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe huanza kuharibu chuma na ukuta kwa pamoja. Mtayaona hayo baada ya masika mawili matatu, rangi itakapoanza kufura.

Anzeni na karatasi. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi inayobadilisha sura ya nje ya nyumba hupita kwanza kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Pelekeni picha za ukuta ulivyo sasa, picha za vyuma, na mchoro wenye vipimo. Ami pia aandikiane na muuzaji: nyumba ipi, mtaa upi, nani mwenye mali, tarehe gani. Nyumba nyingi za mjini ni za wakfu au za serikali, na nyumba ikianguka, vilivyomo bado vina mwenyewe. Msinunue kamwe chuma ambacho kingali kimeshikilia ukuta wa nyumba iliyosimama, hata mwenye nyumba akiridhia. Siku chuma kikiwa na bei nzuri kuliko nyumba, nyumba ndiyo itakayobomolewa.

Kisha tazameni ukuta wenu wenyewe. Roshani nyingi za Mji Mkongwe ni za mbao, zenye nakshi za kukatwa kwa msumeno, na nyumba ya namna hiyo ukiivika chuma unaifuta historia yake. Chuma kilishika kasi mwishoni mwa karne ya 19. Beit el-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, lilisimamishwa na nguzo za chuma, na kwa nguzo hizo baraza zake zikapata upana na kimo ambacho boriti za mikoko peke yake hazikiwezi. Kama nyumba yenu iliwahi kuwa na vyuma, ukuta utasema: matundu ya mraba yaliyozibwa, madonge ya risasi ndani ya jiwe, au michirizi ya kahawia chini ya dirisha. Alama hizo mkizikuta, ziwe ndizo zinazowaelekeza pa kuweka kila kipande. Msipozikuta kabisa, ningewashauri vipande vya ukingo viende ua wa ndani au darini, na mbele ya nyumba pabaki palivyo.

Sasa tujue ni chuma gani. Mna uwezekano wa kuwa na aina tatu katika rundo moja, na kila aina ina matunzo yake.

Chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, hutambulika kwa maua na mapambo yanayofanana kabisa kipande hadi kipande, mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na mgongo uliokwaruza wenye vishimo vidogo. Kigongwe kwa nyundo ndogo, kitatoa sauti fupi iliyofifia. Kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4, ndiyo maana hakipindi: hukatika ghafla. Vipande vyenu vya ukingo na mabano, yaelekea, ni vya aina hii. Chuma cha kufua kina alama za nyundo, ncha zilizochongoka kwa kupigwa, na viungo vya ribiti au vya mikanda iliyozungushwa kikiwa moto. Kikiliwa na kutu hufunguka nyuzinyuzi kama ubao uliooza. Feleji, yaani chuma cha dukani cha leo, ina unene sawa toka mwanzo hadi mwisho na huliwa kwa vidonda vya duara. Kama bado mna shaka, gusisheni grenda mahali pasipoonekana mtazame cheche. Za chuma cha kalibu ni fupi na nyekundu iliyofifia, za chuma cha kufua ni ndefu, rangi ya majani makavu, na karibu hazigawanyiki, za feleji ni nyeupe zaidi na hupasuka matawi njiani.

Geuzeni kila kipande mtazame mgongoni kabla hamjagusa rangi. Viwanda vya Uingereza, kama Saracen Foundry ya Glasgow, viliuza vyuma hivi kwa katalogi dunia nzima na mara nyingi viliacha jina au namba ya mchoro. Mkiona alama ya almasi yenye herufi pembeni na I ya Kirumi juu, huo ni usajili wa mchoro wa Uingereza wa kati ya 1842 na 1883. Herufi ya mwaka ikiwa pembe ya juu, ni kabla ya 1868; ikiwa pembe ya kulia, ni 1868 au baadaye. Maandishi "Rd No" na tarakimu ni ya kuanzia 1884. Tarehe hiyo ni ya mchoro, na kipande chenyewe kinaweza kuwa kimemiminwa miaka mingi baadaye.

Kabla ya kutoa rangi, chagueni sehemu iliyojificha, ukubwa wa sarafu, mkwangue tabaka moja moja kwa wembe mpaka mfike kwenye chuma. Lowesheni pale, pigeni picha. Tabaka la kwanza juu ya praima, yaani rangi ya msingi, ndilo rangi ya asili. Mara nyingi si nyeusi.

Rangi za zamani huwa na risasi, kwa hiyo marufuku moto na marufuku msasa mkavu. Tumieni dawa ya kutoa rangi ya aina ya ujiuji, ipakeni nene, funikeni kwa nailoni, kisha kwangueni ikiwa imelowa. Fundi avae barakoa yenye kichujio cha P3, glavu, na nguo ambazo hataingia nazo nyumbani. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Makapi yote yakusanywe kwenye debe lenye kifuniko. Yasioshewe kwenye mfereji wa uchochoroni.

Hapa tumefika kwenye kiini. Chuma kilichokaa miaka mia moja umbali wa hatua chache kutoka baharini kina chumvi chini kabisa ya vishimo vya kutu. Unaweza kukisugua kwa brashi ya waya mpaka king'are, ukakipaka rangi ghali kuliko zote, na chumvi ile itaendelea kuvuta unyevu wa hewa na kula chuma ikiwa chini ya rangi. Ndiyo sababu asidi ya betri haifai: ni asidi ya salfa, na inachoacha nyuma kinafanya kazi ileile. Asidi ya kusafishia vyoo ni mbaya zaidi, kwa kuwa inapenyeza kloridi, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayokula chuma. Mchanga wa pwani wa kupulizia nao ni chumvi juu ya chumvi, na vumbi lake hudhuru mapafu.

Njia ninayowapendekezea ni umeme na soda. Vipande vyenu haviingii kwenye pipa, kwa hiyo tengenezeni hodhi la mbao lililotandikwa turubali imara, ndani mita 1.4 kwa 1.1, kina cha sentimita 25. Linachukua takriban lita 385. Tieni soda ya kufulia, gramu 15 kwa lita, jumla karibu kilo 6. Magadi ghafi ya sokoni msiyatumie, kwani huja na chumvi ya kawaida ndani yake. Pangeni mabamba ya feleji chakavu kuzunguka kipande bila kukigusa. Chaja ya betri ya volti 12 isiyo ya kujizima yenyewe: waya wa hasi kwenye chuma cha zamani, waya wa chanya kwenye mabamba. Mkigeuza waya, chuma cha zamani ndicho kitakacholiwa. Mabamba yasiwe ya stenlesi, kwani maji yatajaa kromiamu yenye sumu, wala yasiwe na zinki. Hodhi likae nje penye upepo, pasipo moto wala sigara, kwa sababu linatoa gesi ya haidrojeni. Zimeni umeme kabla ya kutia mkono. Siku moja hadi tatu zinatosha kwa kipande kimoja. Kutu hugeuka tope jeusi linalofutika kwa brashi ngumu ya plastiki, na sehemu kubwa ya kloridi huhamia kwenye maji. Maji yakichafuka sana, badilisheni.

Nondo za dirisha na vitu vidogo mnaweza kuviloweka kwenye asidi ya limau, gramu 50 kwa lita, mkivitazama kila baada ya saa chache. Msivisahau humo, asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma.

Baada ya hapo osheni kwa maji matamu, mara nyingi kuliko mnavyodhani inatosha. Maji ya kisima cha karibu na pwani huwa na chumvichumvi, kwa hiyo tumieni ya mvua kutoka tangi safi. Suuzo la mwisho liwe la maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, chupa isiyo na asidi. Kausheni juani, kisha mfanye jaribio hili: nyunyizieni sehemu yenye vishimo vingi maji hayohayo ya betri, funikeni kwa nailoni, acheni mpaka asubuhi. Ukungu mwembamba wa kutu sawasawa kote si tatizo. Mkiona vitone vidogo vya rangi ya asali vimesimama juu ya vishimo kama jasho, hiyo ni chumvi ingali humo. Rudini kwenye kuosha. Msipake rangi mpaka vitone hivyo viishe, hata kazi ikichelewa wiki mbili.

Chuma kikiwa kitupu, tafuteni nyufa. Pakeni mafuta ya taa, acheni dakika kumi, futeni vizuri, kisha pulizieni unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatachora mstari mweusi kwenye chaki, hata ufa ambao jicho halikuuona. Mabano manne yapimwe hivi kila upande, hasa kwenye kona na kuzunguka matundu ya bolti.

Bano lenye ufa lisibebe roshani tena. Siku litakapokatika halitatoa onyo. Roshani ibebwe na feleji mpya iliyopimwa na mhandisi, na bano la zamani likae chini yake kama pambo, lijibebe lenyewe tu. Hata mabano mazima, nafsi yangu ingeridhika zaidi yakitumika hivyo, maana hakuna anayejua yalianguka vipi nyumba ilipoporomoka.

Kwa ukingo uliovunjika, njia salama ni kuunga bila moto: bamba jembamba mgongoni, matundu yaliyotobolewa kwa keekee, na bolti ndogo. Ikibidi moto, atafutwe fundi anayejua kuunga kwa shaba, au mwenye vijiti vya nikeli. Kipande kipashwe moto taratibu kote, ashone sentimita mbili na nusu tu kwa mara moja, agongegonge mshono ungali moto, kisha akifukie kwenye mchanga mkavu au unga wa chokaa kipoe polepole. Mshono mrefu wa kijiti cha kawaida hupasuka pembeni mwake, mara nyingi usiku uleule wakati kinapoa. Nondo za chuma cha kufua ni rahisi zaidi. Mhunzi anaweza kuunga ncha mpya na kufunga kwa ribiti kama zamani.

Kama kuna kipande kimoja kinachokosekana, msimpe msubu, fundi wa kumimina chuma, kipande cha zamani akitumie moja kwa moja kama kielelezo cha kalibu. Chuma hunywea kikipoa, karibu asilimia 1, na kipande cha milimita 1,200 kitatoka na 1,188. Hakitaingia kwenye nafasi yake. Kielelezo cha mbao kiongezwe kiasi hicho. Wasubu wengi wa huku humimina aluminiamu, ile ya masufuria. Ikibanwa moja kwa moja na chuma kwenye hewa ya bahari italiwa haraka, kwa hiyo kama hamna budi, tenganisheni kwa washa za plastiki.

Rangi haina mjadala mrefu. Praima ya epoksi yenye zinki fosfeti, ya aina inayovumilia chuma kilichosafishwa kwa mkono, mikono miwili. Mkono mmoja wa epoksi nzito wa kati. Kisha rangi ya juu ya poliurethani, kwa sababu epoksi ikipigwa na jua huwa unga. Kabla ya kila mkono wa praima, pitieni kwanza kingo, pembe na vichwa vya bolti kwa brashi ndogo, kwani hapo rangi hukimbia na kutu huanzia hapo. Vipande sita mkivihesabu pande zote mbili kama ubao mzima ni mita za mraba 13. Kwa lita moja ya mita 10, na robo ya kupotea, mkono mmoja unataka chini kidogo ya lita 1.75. Changanyeni kidogo kidogo, joto la Unguja hugandisha epoksi kabla hamjamaliza kopo. Pakeni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, umande ukiwa umekauka. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika na vuli msijaribu.

Kuvirudisha ukutani ndiko kunakoharibu kazi nyingi nzuri. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Chuma kilichozikwa kikiota kutu ndani ya jiwe, hakuna jiwe la matumbawe litakalohimili msukumo huo. Litapasuka kutoka ndani. Saruji huzidisha: ni ngumu kuliko ukuta, haipumui, na inayafungia maji palepale chuma kinapoingia.

Kwa hiyo chuma cha zamani kisiingie ukutani kabisa. Kiishie milimita 20 nje ya plasta, na kinachoingia ndani kiwe mkia wa stenlesi daraja la 316, bapa milimita 40 kwa 8, uliofungwa kwenye chuma kwa bolti mbili za M10 za stenlesi hiyohiyo. Kati ya metali hizo mbili wekeni washa za nailoni, na vibomba vya nailoni vya kuzungushia bolti. Tundu la ukutani litobolewe kwa keekee ya kuzunguka tu, bila kugonga, kina kisichopungua sentimita 15. Lisafisheni vumbi, lilowesheni, kisha lijazeni kwa chokaa iliyolowekwa kipimo 1, mchanga mkali wa bara uliooshwa vipimo 3, na unga laini wa matofali ya kuchoma nusu kipimo, ambao huisaidia chokaa kushika hata ndani kusikofika hewa. Funikeni kwa magunia yaliyolowa siku saba. Msitundike uzito kabla ya wiki nne.

Bolti za kutanuka msizitumie, zinafungua jiwe la matumbawe kama kabari. Panapobeba uzito wa kweli, yaani mwisho wa kila ukingo na kila bano, pitisheni fimbo ya stenlesi ya M16 ukuta mzima, na upande wa ndani bamba la sentimita 15 kwa 15, unene milimita 10, lililolazwa juu ya chokaa. Kuta za nyumba hizi huwa kama nusu mita au zaidi, na bamba hilo hushika ukuta badala ya jiwe moja.

Vipande vya chuma cha kalibu visikazwe kwa nguvu kufuata ukuta uliopinda. Jazeni mwanya kwa vipande vya nailoni mpaka kila kimoja kikae bila kulazimishwa, ndipo mkaze. Mianya izibwe kwa silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile yenye siki hula chuma. Kila kikombe au ua linaloshika maji litobolewe tundu la milimita 6 chini yake kabla ya kupaka rangi.

La mwisho ni usalama, na hili mzee asilipuuze kwa kupenda umbo la zamani. Sentimita 90 ni fupi kwa roshani ya ghorofani. Msikikate wala kukirefusha kipande. Wekeni mkono mpya wa kushikia, wa mbao au feleji, juu yake, uliobebwa na nguzo zake wenyewe, ufike sentimita 110. Pitisheni mpira wa sentimita 10 kwenye kila uwazi. Ukipita, kichwa cha mtoto nacho kiko hatarini, ongezeni fimbo nyembamba nyuma. Kipimo cha Uingereza cha ukingo wa roshani ya nyumba ya kuishi ni kilonyutoni 0.74 kwa mita, karibu kilo 75, hivyo kipande chenu kistahimili kama kilo 90 za kusukumwa pembeni kwa juu. Jaribuni chini uani, kikiwa kimefungwa kwenye fremu ya mbao, kwa mizani ya kuvuta, watu wakiwa mbali. Kisichofaulu kiende dirishani au ukutani kama pambo.

Wakati wa kubeba, kipande kisimame wima kwa ubavu, magunia katikati, kamba isiyobana maua. Kikilazwa bapa juu ya mkokoteni na gurudumu likaingia shimoni, kitakatika kwa uzito wake.

Vikishakaa, vioshwe kwa maji matamu na kitambaa kila miezi mitatu, na kila Juni mtu apite na kopo dogo la praima akitafuta palipochubuka. Vipande vilivyobaki na vilivyovunjika msiviuze. Viandikeni namba, vipakeni praima, vihifadhini pakavu. Siku ukingo mmoja ukivunjika, ndivyo mtakavyovihitaji kupata vipimo vya kielelezo.